Asifuye Mvua Imemnyea: Nyota za Simu na Chungu cha Mpishi

Saa saba mchana basi linasimama Tinde, pale njia zinapogawana, moja kwenda Shinyanga mjini na nyingine kwenda Isaka na Kahama. Kondakta anapaza sauti: "Chakula, dakika ishirini!" Abiria wanashuka kwa haraka. Mbele yao zimepangana hoteli za wali na ugali, na nje ya hoteli wamesimama vijana wanaomwita kila mtu mjomba na shangazi. Mama mmoja aliyebeba mtoto anayetoka hospitali anasimama katikati ya vumbi, hajui aingie wapi. Nyuma yake yupo kijana. Anatoa simu yake ya kupangusa, anaitazama kidogo, kisha anasema:

"Shikamoo, mama. Tuingie hii ya kushoto. Ina nyota tano."

"Marahaba, mwanangu. Nyota hizo kazitoa nani?"

Kijana anacheka tu. Hajui.

Wasomaji wapenzi, mama huyu na kijana huyu ni wa mfano, lakini swali la mama ni la kweli, na tena ni kubwa kuliko kijana anavyodhani. Siku hizi watoto wetu hawamwulizi mtu njiani mahali penye chakula kizuri. Wanaiuliza simu. Nasi wazazi tunafuata nyuma, maana tunaona kwamba simu inajua mengi. Je, yafaa kuiamini simu juu ya jambo linaloingia tumboni mwa mtoto? Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini siku hizi kibaya nacho kimepata simu. Basi na tuitazame habari hii polepole.

NYOTA HIZI NI NINI?

Katika simu yenye intaneti mna ramani. Ukiandika humo neno "chakula" au "mgahawa", utaonyeshwa nyumba za chakula zilizo karibu nawe, na chini ya majina yao mara nyingi utaona nyota. Mtu yeyote aliyejiandikisha na kampuni yenye ramani hiyo aweza kutoa nyota, tangu moja mpaka tano, na kuandika maneno yake, na kuweka picha. Nyota moja ni kusema pabaya, nyota tano ni kusema pazuri sana. Kisha mashine hutafuta wastani wa nyota zote zilizotolewa, na wastani huo ndio unaouona wewe.

Basi fahamuni vema: nyota hizo si muhuri wa Serikali. Afisa afya hakuzitoa. Hakuna aliyetumwa kufunua chungu wala kutazama maji ya kuoshea sahani. Ni sauti za wapita njia, zimekusanywa mahali pamoja.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Tangu zamani, mtu akifika mnadani asipopajua, humwuliza mchunga ng'ombe aliyemtangulia: "Ndugu yangu, wapi wanachoma nyama vizuri?" Mchunga humwonyesha kwa mkono. Lakini tazameni tofauti. Mchunga yule una uso wake mbele yako. Unaona kama midomo yake ina mafuta ya nyama anayoisifu. Akikudanganya, mtakutana naye tena mnada ujao, naye ataona haya. Shahidi wa simu hana uso. Huenda jina lake si jina lake. Huenda hajafika Shinyanga hata siku moja.

KAZI ILIYOANZIA KWA WENYE MATAIRI

Watu wa Ulaya walianza zamani kuandika vitabu vya kuwaonyesha wasafiri mahali pa kula. Kimoja kinajulikana duniani kote. Mwaka 1900 huko Ufaransa ndugu wawili, André na Édouard Michelin, waliokuwa na kiwanda cha matairi, walitoa kitabu kidogo cha kuwasaidia wenye magari. Wao hawakuwa wapishi. Walijua tu kwamba mtu akisafiri sana, matairi yake yatalika, naye atanunua mengine. Mwaka 1926 kitabu hicho kilianza kutoa nyota kwa hoteli zenye chakula bora. Nyota hizo hutolewa na wakaguzi wanaolipwa kwa kazi hiyo, nao huenda kula kama wageni wengine, bila kujitaja.

Baadaye ikaja intaneti. Mwaka 2000 ilianzishwa TripAdvisor huko Marekani, mwaka 2004 ikaanzishwa Yelp, na mwaka 2005 kampuni ya Google ikatoa ramani yake. Hapo kazi ya mkaguzi ikatoka mikononi mwa wachache, ikapewa kila mtu mwenye kidole na bando.

Hili lina wema wake, tusilikatae. Zamani sifa zilikuwa za hoteli kubwa za mijini tu. Leo dereva wa lori aliyekula maharage mazuri Masumbwe aweza kumsaidia dereva mwingine asiyemjua. Mgeni anayekwenda Geita kwa mara ya kwanza aweza kujua, akiwa bado nyumbani, mahali panapofungua alfajiri na bei ya sahani ya wali. Aweza kusoma onyo la mtu aliyekuta nzi juu ya nyama. Huo ni msaada wa jirani kwa jirani. Ila mahali penye msaada penye na fedha, mwongo hakosi kufika.

KIBAYA KINAPOJIFUNZA KUJIUZA

Sikilizeni kisa hiki cha kweli kilichotokea London mwaka 2017. Mwandishi mmoja kijana, jina lake Oobah Butler, alikuwa amewahi kulipwa paundi 10 kwa kila sifa ya uongo aliyoiandikia hoteli ambayo hakula kwake. Akawaza moyoni: ikiwa sifa yaweza kuwa ya uongo, je, hoteli yenyewe nayo isiwe ya uongo? Alikuwa akiishi katika kibanda nyuma ya nyumba, mtaa wa Dulwich. Akakiandikisha kibanda hicho katika TripAdvisor kuwa ni hoteli. Akapiga picha za vyakula vya kutamanisha, kumbe vingine ni povu la kunyolea ndevu na rangi, na kimojawapo ni kisigino chake mwenyewe kilichowekwa vizuri kwenye sahani. Rafiki zake wakaandika sifa.

Hoteli hiyo isiyokuwapo ilianza katika nafasi ya 18,149. Watu wakapiga simu kuomba meza, naye akawajibu kwamba zimejaa. Kadiri alivyowakataa, ndivyo walivyozidi kuitamani. Kabla ya mwaka kwisha, kibanda kile kikawa cha kwanza kati ya hoteli zote za London. Mwishowe Butler akawakaribisha wageni wachache bustanini, akawapa chakula cha bei rahisi kilichonunuliwa dukani tayari kimepikwa na kupashwa moto. Wako waliouliza kama wataweza kurudi tena.

Tusiwacheke watu wa London. Wao walidanganyika na mambo yale yale yanayoweza kutudanganya sisi: picha nzuri, sifa nyingi, na ile tamaa ya kukaa mahali ambapo wengine wamekosa nafasi.

Na kwa nini mtu ajisumbue kudanganya? Kwa sababu nyota ni fedha. Mwaka 2011 mtaalamu Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa uchunguzi wake juu ya hoteli za mji wa Seattle, Marekani. Aliona kwamba nyota moja zaidi katika Yelp huongeza mapato ya hoteli kwa asilimia 5 hadi 9. Palipo na faida kama hiyo, wako watakaouza sifa kama wauzavyo nyanya. Ndiyo maana mwaka 2018 mahakama ya Lecce, Italia, ilimfunga miezi 9 mtu aliyekuwa na biashara ya kuziuzia hoteli sifa za uongo. Na mwaka 2024 Marekani ilitoa kanuni ya kukataza kuuza na kununua maoni ya uongo. Wakubwa wa dunia wameona kwamba huu si mchezo.

NCHI YA DHAHABU, HABARI HUCHAKAA UPESI

Sasa turudi kwetu, maana nchi yetu ina mambo yake.

Kwanza, huku watu huja na kwenda. Tangu John Williamson alipogundua almasi za Mwadui mwaka 1940, na tangu dhahabu ilipowavuta watu Geita, Bulyanhulu na Kahama, tumeona miji ikikua kama uyoga baada ya mvua. Dhahabu ikivuma mahali, kesho yake wapishi wamefika na masufuria. Dhahabu ikipungua, jiko linahamishwa. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulifikia mwisho wa kazi yake mwaka 2021. Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, na magari ya Geita na Mwanza yaliyokuwa yakipanga foleni kungoja kivuko sasa yanapita moja kwa moja. Basi, mtu aliyesifu samaki wa kukaanga mwaka 2019 akiwa anangoja kivuko, alisema kweli ya siku ile. Hawezi kukuambia lolote juu ya jiko la leo. Jina la hoteli laweza kubaki lile lile ukutani, na mpishi akawa mwingine.

Pili, huku wanaoandika ni wachache. Hoteli ya mjini Dar es Salaam huenda ina maoni mia tano. Hoteli ya Katoro au Ushirombo huenda ina matano. Fanyeni hesabu wenyewe. Watu wanne wametoa nyota tano tano, na mmoja ametoa nyota moja: jumla ni 21, ukigawanya kwa 5 wapata 4.2. Lakini kama watu 99 wametoa nyota tano na mmoja ametoa moja, wastani ni 4.96. Mtu yule yule mwenye hasira, katika hoteli kubwa sauti yake haisikiki, bali katika hoteli ndogo anaangusha nyumba. Kadhalika kwa sifa: nyota tano kamili za watu watatu huenda ni za mwenye hoteli, mke wake na shemeji yake.

Tatu, wanaoandika mara nyingi hawafanani nasi. Wengi ni wageni, watu wa makampuni, au wasafiri wa kulala hoteli. Mmoja ametoa nyota mbili kwa sababu intaneti ilikuwa ya polepole. Mwingine katoa tano kwa sababu alikuta chipsi na soda baridi. Wewe unatafuta uji wa mtoto na ugali wa bei unayoimudu. Nyota zake hazijibu swali lako.

Nne, mama lishe wetu wengi hawamo kabisa katika ramani hiyo. Yule mama anayepika sato na dagaa chini ya turubai, ambaye wachimbaji wamekula kwake miaka kumi bila kuugua, simu haimjui. Kutokuwa na nyota si kosa. Ni kwamba tu hajaandikwa.

MAMBO MATANO YA KUTAZAMA KATIKA SIMU

Je, tuitupe simu? La, hasha. Tuitumie kama hakimu mwenye busara anavyowatumia mashahidi. Wahenga walisema asifuye mvua imemnyea. Kila unaposoma sifa, jiulize: huyu imemnyea kweli?

Kwanza, hesabu mashahidi kabla ya kuhesabu nyota. Mahali penye nyota 4.2 za watu 200 pana ushahidi mzito kuliko mahali penye nyota 5 za watu watatu.

Pili, tazama tarehe. Soma kwanza maoni mapya, ya miezi hii ya karibu. Ya miaka mitatu iliyopita yaache yapumzike.

Tatu, soma maneno. "Pazuri sana, karibuni wote" si ushahidi, ni kelele. Aliyenyewa husema aliyoyaona: "Nilikula wali na sangara saa nane, samaki alikuwa wa moto, nilingoja nusu saa, choo kilikuwa safi, maji ya kunawa yalikuwapo." Mwongo hapendi kutaja mambo madogo, maana hakuyaona.

Nne, soma wale wa katikati, waliotoa nyota tatu na nne. Mara nyingi watu hao hawana hasira wala udugu. Watakuambia kilicho chema na kilichopungua. Na kama watu watano wasiojuana wanalalamikia jambo moja, mathalani sahani chafu, jambo hilo huenda lipo.

Tano, tazama picha zilizowekwa na wateja, si zile za mwenye hoteli. Tena bonyeza jina la shahidi uone ameandika nini mahali pengine. Kama katika siku moja ametoa nyota tano kwa hoteli za miji sita, jua kwamba hakuwa na tumbo la kula huko kote.

Yafanyeni haya mngali nyumbani au penye mtandao mzuri, si pale kondakta anapopiga mluzi.

SIMU HAINUSI

Baada ya simu, hapana budi kutumia macho na pua. Simu hainusi samaki aliyelala. Na hili si jambo la anasa tu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kipindupindu kilizuka katika mikoa kadhaa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwa mojawapo. Maradhi hayo hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa, na mtoto aweza kufa nayo kwa saa chache asipotibiwa.

Shirika la Afya Duniani limefundisha mambo matano ya chakula salama: usafi, kutenga vibichi na vilivyopikwa, kupika mpaka viive kabisa, kutunza chakula katika joto au ubaridi unaofaa, na kutumia maji salama. Hayo yote unaweza kuyatazama ukiwa umesimama mlangoni, kwa muda mfupi tu.

Tazama mahali pa kunawa. Kuna maji yanayotiririka na sabuni, au kuna beseni moja ambalo kila mmoja anachovya mikono? Tazama sahani zinaoshwaje. Kama ni ndoo moja tangu asubuhi, na maji yake yamekuwa kama mchuzi, ondoka. Tazama chakula kilichopikwa: kimefunikwa, na kinatoa mvuke? Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kikipoa hivi hivi. Wali wa asubuhi usiopashwa vizuri ni hatari hata kama hauna harufu. Tazama kisu kinachokata nyama mbichi, kisije kikakata kachumbari. Na kachumbari yenyewe, kama huyajui maji yake, iache, hasa kwa mtoto.

Kisha tazama wenyeji wanakula wapi. Vijana wa bodaboda na wapakizi wa magunia hawana fedha ya kuchezea, wala hawana siku ya kuugua. Mahali wanapojaa kila mchana, chakula huisha upesi, na chakula kinachoisha upesi hakipati nafasi ya kulala. Hao ni mashahidi wenye uso.

TUMBO HALITAJI JINA LA MPISHI

Mpaka hapa tumesema juu ya kusoma. Sasa tuseme juu ya kuandika, maana watoto wetu wanaandika, na hapa pana jambo zito zaidi.

Chukueni mfano wa mama mjane katika mji mmoja wa dhahabu. Anapika wali na maharage, na kwa kazi hiyo anasomesha watoto watatu. Mwanawe mkubwa amemweka katika ramani ya simu, na wateja wanne wamempa nyota tano. Siku moja msafiri anakula kwake mchana, na usiku anaharisha. Kwa hasira anachukua simu, anatoa nyota moja na kuandika: "Huyu mama anauza sumu." Asubuhi msafiri amepona na kusahau. Lakini maneno yake hayasahau. Wageni wa mgodini wanayasoma, wanapita mbele ya jiko la mjane, wanakwenda kwingine. Naye hana hata simu ya kuyaona yaliyoandikwa. Anashangaa tu kwamba wali unabaki.

Je, msafiri alijua kwa hakika? Hakujua. Vijidudu vya kipindupindu huweza kukaa mwilini tangu saa chache mpaka siku tano kabla mtu hajaanza kuharisha. Homa ya matumbo huchukua wiki moja au mbili, hata zaidi. Ni kweli iko sumu ya chakula kilicholala ambayo humtapisha mtu baada ya saa chache tu, lakini tumbo likiuma halitaji jina la mpishi. Huenda chanzo kilikuwa maji aliyokunywa juzi kwake mwenyewe. Sisi wanadamu hulaumu chakula cha mwisho kwa sababu ndicho tunachokikumbuka.

Hata hivyo hatusemi watu wanyamaze. Kunyamaza juu ya jiko chafu nako ni kumtupa jirani. Mtu akiona panya jikoni na asiseme, mtoto wa mwingine ataugua kesho. Twasema hivi: andika ulichokiona, usiandike unachokidhania. "Niliona nyama haikufunikwa, maji ya kunawa hayakuwapo, tarehe fulani" ni ushahidi. "Anauza sumu" ni hukumu. Na ukiugua kweli, nenda zahanati upesi, ukaseme ulikula wapi katika siku zilizopita. Wao watamwambia afisa afya, ambaye ana haki na kazi ya kufunua vile vyungu. Nyota moja ya simu haijamtibu mtu, wala haijasafisha kisima.

Kadhalika kwa sifa. Usimsifu ndugu yako kwa sababu ni ndugu. Usitoe nyota tano kwa ajili ya soda ya bure. Usiandike juu ya mahali ambapo hukula. Watoto wetu wanajifunza amri ya nane tangu wadogo. Waelezwe kwamba amri hiyo haikukoma mdomoni, inafika mpaka kwenye ncha ya kidole.

Nanyi mama lishe mnaotusoma, msiogope simu, wala msinunue sifa. Mwombeni kijana mwaminifu awaandike katika ramani: jina la mahali, saa za kufungua, bei, na picha ya kweli ya chakula chenu, si ya hoteli ya Dar es Salaam. Mtu akiwalaumu kwa haki, mjibuni humo humo kwa upole, na kurekebisha: "Asante, tumenunua ndoo ya bomba na sabuni." Jibu kama hilo huvuta wageni kuliko nyota tano za shemeji. Akiwasingizia, mjibuni kwa adabu, na kijana aweza kuwapelekea malalamiko wenye ramani. Pengine watayaondoa maneno hayo, pengine hawatayaondoa. Lakini wateja wenu wa kweli mkiwaomba waandike walichokiona, sauti moja ya uongo itazama kati ya sauti nyingi za kweli. Ile hesabu ya 99 na mmoja tumekwisha kuifanya.

TURUDI TINDE

Tulimwacha mama yetu amesimama vumbini na mtoto. Kijana amefungua tena simu. Safari hii anasoma, hahesabu nyota tu. Anaona kwamba zile nyota tano ni za watu watatu, na wa mwisho aliandika miaka minne iliyopita. Mama naye hakungoja. Amesogea mpaka mlangoni, amechungulia, ameona ndoo moja ya kuoshea sahani yenye maji meusi. Anatikisa kichwa.

Pembeni, chini ya mti, yupo bibi mmoja na masufuria yake matatu, yote yamefunikwa. Mvuke unatoka. Ndoo yake ina bomba, na kipande cha sabuni kimefungwa kwa kamba. Madereva wa bodaboda wamekaa kwenye benchi wanakula kimya. Katika ramani mahali hapo hapana jina.

"Tule hapa, mwanangu," mama anasema.

Basi lilipoondoka, mtoto alikuwa amelala mapajani pa mama yake, ameshiba. Kijana alikuwa bado ameshika simu. Safari hii alikuwa akiandika, na aliandika hivi: "Tinde, chini ya mti, karibu na kituo. Ugali na maharage, vyote vya moto. Maji ya kunawa na sabuni yapo. Benchi ni moja tu, huenda ukangoja. Nimekula hapa leo." Kisha akatoa nyota nne, kwa sababu ya benchi.

Huyo mvua imemnyea. Maneno kama yake ndiyo ya kuamini.